Chungu cha Ozella, Kijiti cha Verdell

Dada zangu wawili wamezeeka bila kugombania mwanamume, wala shamba, wala nyumba. Waligombania chungu. Na si kwamba chungu kilikuwa kimoja wakavutana nacho. Vilikuwa viwili, kila mmoja na chake, na hapo hasa ndipo taabu ilipoanzia.

Mkubwa ni Ozella, mdogo ni Verdell. Mimi Hosea ndiye wa katikati. Kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimeimaliza njiani, mara kwenye reli, mara kwenye machungwa ya Florida, mara kwenye viwanda vya magari huko Detroit, mara baharini nikivua kamba, hakuna aliyenirithisha chungu. Nilirudi Callis Springs, mji wetu wa kusini, na begi moja na goti bovu, Verdell akanipa chumba cha nyuma. Pamoja na chumba nikapewa manung'uniko yake yote juu ya Ozella, asubuhi na jioni, kama dawa.

"Ozella kapewa sauti," angesema huku akikoroga uji wa mahindi. "Ozella kapewa nywele. Ozella kaolewa na Maddox mwenye biashara ya mazishi, anaendeshwa kwenye gari jeusi hata akienda kununua mayai. Mimi nimepewa nini?"

"Umepewa mimi," nikamjibu siku moja.

"Si ndiyo nasema."

Sasa, mbele ya mahakama ya mji wetu amesimama askari wa jiwe, bunduki mkononi, amekodoa macho kuelekea kaskazini. Alisimamishwa na wajukuu wa wale waliopigana ili sisi tubaki watumwa. Weupe wanamwita Askari Wetu. Nimetembea sana, na nawaambia nimemwona askari huyohuyo katika miji ya kaskazini, uso uleule na masharubu yaleyale, tofauti ni bamba la mkanda tu. Inaonekana fundi mmoja aliwauzia wote. Lakini sisi weusi wa upande wa chini wa reli hatumwiti askari. Tunamwita Patarola.

Patarola hawakuwa askari. Walikuwa wanaume waliopewa doria enzi za utumwa, wakipita usiku juu ya farasi, wakiwa na mbwa na mijeledi, wakimtafuta mtu mweusi aliyetoka nje bila cheti cha bwana wake. Walimchapa palepale barabarani. Vita vilipokuja, walewale wakavaa sare. Nahodha wa doria ya upande wetu, Tilghman, jina lake ndilo la kwanza pale chini ya miguu ya yule askari. Bibi Lovie, mama wa mama yetu aliyetulea, hakuona sababu ya kutofautisha. "Amebadili kofia tu," alisema kila tulipopita pale, akitema mate upande, kwa adabu, ndani ya kitambaa.

Na chungu chenyewe kilikuwa cha chuma, kizito, chenye miguu mitatu mifupi, cha kuchemshia nguo uani. Siku zile watu wetu walikatazwa kukusanyika usiku, hata kwa kumwomba Mungu. Basi walijibana kibandani, wakafudikiza chungu mlangoni, mdomo chini, na ukingo wake wakauinua kidogo kwa kijiti. Sauti za kuimba na kulia ziliingia humo chini zikabaki humo. Patarola akapita na farasi wake asisikie kitu. Waliosoma sana wanasema chuma hakiwezi kumeza sauti za watu. Mimi sibishani nao. Ninachojua, Bibi Lovie alihadithiwa na mama yake, Dicey, ambaye alikuwa humo ndani akiimba, na Dicey alikufa mzee, kitandani kwake, mgongo hauna kovu hata moja.

Tulipokuwa wadogo Bibi Lovie alituonyesha. Alifudikiza chungu uani, akamlaza Ozella kifudifudi aimbe chini ya ukingo. Verdell akalia, naye anataka kuimba.

"Wewe shika kijiti," Bibi akamwambia. "Bila kijiti chungu hakinywi."

Ukawa ndio mchezo wetu. Ozella anaimba, Verdell anashika kijiti, mimi ndiye patarola, nimepanda ufagio. Bibi alipofariki aliacha vyungu viwili. Ozella akachukua kimoja, Verdell kimoja. Kipi kilikuwa cha Dicey? Kila mmoja anaapa ni chake. Mimi wakati wa mazishi nilikuwa Detroit, msiniulize.

Wangeweza kwenda kaburini hivyo, kila mmoja na kiapo chake. Ila miaka michache iliyopita vijana wakataka Patarola aondolewe. Sheria ya jimbo inakataza kuondoa sanamu kama ile, basi wakaandamana, wakaimba, wakachoka, na mwisho kaunti ikakubali jambo la katikati: litawekwa jiwe jingine, kuelekeana naye, la kuwakumbuka waliowindwa na doria. Juu ya jiwe kitawekwa chungu cha kweli cha enzi zile.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bi Corinne Tilghman, ndiyo, wa ukoo wa yule nahodha. Mama mwembamba, mpole, mwenye haraka ya kuomba radhi. Alikuja kanisani kwetu, Mlima Nebo, akanywa chai yetu ya barafu yenye sukari ya kutosha kumwangusha nyumbu, akauliza kama kuna familia bado ina chungu.

Mikono miwili ikanyanyuka. Ozella mbele kabisa, kwenye benchi la akina mama wazee wenye mavazi meupe. Verdell nyuma, karibu na mlango.

Jumapili iliyofuata walivileta vyote viwili kwenye ukumbi wa kanisa. Cha Ozella kilikuwa kinang'aa, kimepakwa mafuta kila mwaka, kimewekwa sebuleni kama mgeni wa heshima. Cha Verdell mimi ndiye niliyekibeba kwa toroli. Kilikuwa kimeoteshwa mnanaa uani tangu zamani, chini kimetoboka, na ubavuni kina ufa wa kupitisha kidole.

"Hiki ndicho," Verdell akasema. "Kimefanya kazi. Kitu kilichofanya kazi kinaonekana."

"Mdogo wangu," Ozella akasema kwa ile sauti yake ya kuimbia mazishini, "hicho kimefanya kazi ya bustani."

Watu wakacheka. Hata Mchungaji Pettaway alifunika mdomo kwa Biblia. Bi Corinne alizunguka vyungu akiwa ameshika mikono nyuma, akasema vyote vina uzuri wake, lakini fundi ana wasiwasi na ule ufa. Kikachukuliwa cha Ozella.

 Njiani kurudi, toroli lilipokwama kwenye reli, Verdell alikipiga chungu chake teke, akaumia kidole, akakilaumu chungu cha Ozella.

Tangu siku ile wivu ulihamia kwetu kama mpangaji. Verdell akipika maharage, anataja chungu. Akianika shuka, anataja chungu. Picha ya Ozella ilitoka gazetini, ameshika ukingo wa chungu kama ameshika bega la mtoto, na chini yake wameandika "Kitukuu wa Dicey." Verdell akaisoma mara nyingi, akaniuliza, na yeye je, ni kitukuu wa nani, wa Farao?

"Waandishi wana nafasi ndogo," nikasema.

"Nafasi imejaa Ozella."

Kisha Ozella akaja. Alikuja na pai la pichi, bado la moto, na kofia mbili ndani ya maboksi. Akakaa barazani, akajipepea.

"Nisaidie mdogo wangu. Siku ya uzinduzi watanikalisha jukwaani, karibu na jaji. Nivae ya zambarau au hii nyeupe yenye manyoya?"

"Nyeupe," Verdell akasema. "Kila ndege akuone."

"Nitasema maneno mawili matatu juu ya Bibi. Na Mchungaji anataka niimbe."

"Kumbe utaimba."

"Wameniomba, Verdell. Ningekataa?"

"Na kijiti atashika nani?"

Ozella akacheka, akafikiri ni utani. Akamgusa dadaye shavuni, akaondoka na gari lake jeusi. Verdell alilichukua pai lote na sahani yake akawapa mbwa wa jirani. Mimi nililitazama likienda. Nimekula vya kuokota katika majimbo mengi, na nasema lile lilikuwa kosa.

Alipomaliza kunawa alikuja kusimama mbele yangu.

"Kaka, sikiliza. Siku ile, kabla hajafungua mdomo kuimba, nitasimama. Nitasema mbele ya jaji na kamati na kanisa zima kwamba chungu kile ni cha kuyeyushia mafuta ya nguruwe. Bibi alikinunua kwa mchuuzi baada ya mafuriko. Cha Dicey ni changu."

"Una hakika?"

"Nina hakika ya kutosha."

"Verdell, utamwaibisha mbele ya Patarola?"

"Na wewe utasimama baada yangu useme Verdell kasema kweli. Ukikaa kimya, utafute baraza la mtu mwingine la kuwekea goti lako."

Nilimjua. Wivu wa Verdell si wa kelele za siku moja. Ni ule wa kupiga pasi, wa kukunja, wa kuweka kabatini mpaka siku yake. Nikamwambia mimi sikumbuki chungu kipi ni kipi. Akasema hakuniuliza ninakumbuka nini.

Uzinduzi ukawekwa sikukuu yetu ya uhuru kutoka utumwani, mwezi wa sita, joto la kuyeyusha lami. Viti vilipangwa kwenye majani mbele ya mahakama. Jukwaani aliketi jaji, Bi Corinne, Mchungaji Pettaway, na Ozella na kofia yake nyeupe yenye manyoya na ua limebandikwa kifuani. Jiwe jipya lilikuwa fupi, la kufika magotini, na juu yake kitu kimefunikwa shuka la samawati. Nyuma ya jiwe, upande wa pili wa njia, Patarola amekodoa macho yake kama kawaida. Naibu wa sherifu, kijana mweupe mwenye masikio makubwa, alisimama kwenye kivuli cha askari akijifuta jasho.

Verdell alichagua kiti cha pembeni mwa njia, kama mtu anayetaka kutoka haraka. Amevaa gauni la kahawia la kazi. Mkoba ameubana mapajani kwa mikono yote miwili. Mimi pembeni yake goti linaniuma, na moyo pia.

Jaji akasema. Mchungaji akaomba. Bi Corinne akasimama na karatasi yake, akasema ukoo wake una deni na mahali hapa na kwamba haombi asamehewe, anaomba tu jiwe lidumu. Nilimheshimu kwa hilo. Halafu akavuta shuka.

Chungu cha Ozella kilikuwa kimesimama kwa miguu yake mitatu, mdomo juu, kimejazwa udongo, na ndani yake wameotesha maua mekundu na meupe yaliyomwagika mpaka ukingoni. Kweli yalipendeza. Weupe wakapiga makofi.

Upande wetu hakuna aliyepiga. Palitoka kitu kama pumzi iliyokwama. Mama mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Ee Yesu, wamekiweka wima."

Mlionisikiliza mpaka hapa mnaelewa. Chungu kikiwa wima ni chombo cha kufulia tu. Patarola angesikia kila kitu. Dicey angechapwa.

Nikamtazama Ozella. Alikuwa amekaa wima vilevile, tabasamu usoni, lakini lilikuwa limekauka kama unga kwenye kinu. Mkono umepanda kwenye lile ua la kifuani. Midomo ikafunguka, ikafungwa. Jaji alikuwa anamtazama, kamati inamtazama, anatarajiwa aimbe. Katika maisha yake yote, kila mtu mwenye cheo alipompa Ozella kiti, Ozella alikaa vizuri. Hakujua namna ya kuinuka.

Verdell akasimama.

Nilimshika gauni. Akalivuta. Akatembea ile njia ya katikati na viatu vyake vya kanisani, na Ozella akamwona anakuja, akajua. Dada anamjua dadaye. Alifumba macho akingoja kofi.

Verdell alifika kwenye jiwe. Akakitazama chungu, akamtazama dada. Akaweka mkoba chini.

"Hosea!" akaita bila kugeuka. "Njoo ushike mguu."

Goti gani tena? Nililisahau. Nilifika. Tukakishika, yeye ukingo, mimi mguu, tukakibinua. Udongo wote na maua yote yakamwagika kwenye viatu vya jaji. Bi Corinne akapiga ukelele mdogo. Naibu wa sherifu akatoka kwenye kivuli cha Patarola, mkono mmoja mbele.

"Bibi! Bibi, tafadhali, sogea mbali na hilo jiwe!"

"Afande, una cheti cha kuwa hapa?" Verdell akamuuliza.

Kijana akasimama. Masikio yakawa mekundu. Upande wetu wote wakalipuka kwa kicheko, kile cha kutoka tumboni, na Mchungaji akainua mkono akasema, "Mwache, mwanangu. Mwache mama afanye kazi."

Tulikirudisha juu ya jiwe mdomo chini. Kikatua kwa mlio mmoja mzito, ngooo, ukaenda mpaka kwenye reli na kurudi. Bi Corinne alikuwa amefunika mdomo kwa karatasi yake. "Sikujua," alikuwa akisema. "Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza mdomo wake unaelekea wapi," Verdell akasema, si kwa ukali sana.

Sasa alikuwa mbele ya watu wote, na lile neno lake bado lilikuwa mdomoni. Niliona linavyomsukuma shavu. Akavuta pumzi. Na hapo kutoka jukwaani sauti ya Ozella ikatoka, sauti ya dada mkubwa, ya uani kwa Bibi:

"Verdell. Kimelala bapa hicho. Hakinywi hivyo. Inua ukingo."

Kweli kilikuwa kimelala bapa. Verdell, kabla hajafikiri, aliinama akaingiza vidole chini ya ukingo akauinua kidogo. Akabaki hivyo, ameinama, ameshika. Nikaona jambo lenyewe linavyomfikia.

"Hata leo!" akasema kwa nguvu, uso umeelekea majani. "Miaka yote hii, kwenye sherehe, mbele ya jaji, bado mimi ndiye kijiti!"

"Basi shika vizuri," Ozella akasema. Alishuka jukwaani, akavua kofia ya manyoya, akampa jaji aishike bila kumtazama. Akapiga magoti kwenye ule udongo, kwa shida, mkono begani kwa dadaye, akaweka mdomo chini ya ukingo, akaimba.

Hakuna aliyeusikia wimbo. Naapa. Tulikuwa watu wengi, kimya, tunaona mgongo wa Ozella unapanda na kushuka na shingo imemvimba, na kilichotufikia ni mngurumo tu, kama nyuki ndani ya ukuta. Patarola alikodoa macho kaskazini. Akina mama wenye mavazi meupe walianza kulia. Naibu wa sherifu alivua kofia, sijui kwa sababu gani, labda joto.

Ningependa kusema walikumbatiana. Walisaidiana kuinuka, hilo ni kweli, na Verdell akampangusa Ozella udongo magotini, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Lile neno la mafuta ya nguruwe hakulisema, wala siku ile, wala baadaye. Fundi alikuja akapachika chungu kama kinavyotakiwa, na chini ya ukingo akaweka kijiti cha shaba.

Picha iliyotoka gazetini, ukurasa wa kwanza, ilikuwa ya Verdell ameinama ameshika ukingo. Ozella haonekani, ila kisigino. Watu walitoka kaunti za mbali kuja kumwona mama aliyemuuliza polisi cheti. Shule zilimwita. Barua zilikuja, mpaka kutoka Detroit.

Jumapili iliyopita tulikula pamoja kwa Ozella, kuku na mboga za majani na mkate wa mahindi. Verdell alikuwa anasimulia tena, anaonyesha kwa mikono jinsi kijana yule alivyosimama. Ozella alisikiliza huku akikata pai. Kipande cha Verdell alikikata chembamba, ungeweza kuona dirisha kupitia humo.

"Kilikuwa chungu changu," akasema.

"Nani kakataa?" Verdell akajibu. "Nipe pai."

"Chungu changu, jiwe langu, siku yangu. Na gazetini yametoka makalio yako."

"Wameniomba, dada," Verdell akasema, akasogeza sahani. "Ningekataa?"